Swali Kabla ya Kitabu: Utangulizi wa Elimu ya Kumsaidia Mtafiti Maktabani

Utangulizi huu nimekuandikia wewe unayeanza. Pengine uko mwaka wa kwanza wa masomo ya ukutubi. Pengine ni mhadhiri kijana, na unajiuliza kwa nini wanafunzi wako huleta kazi zenye marejeo matatu tu, yote ya mtandaoni. Au ni mwanafunzi wa fani nyingine kabisa, umetakiwa kuandika tasnifu na hujui uanzie wapi. Fani ninayokufungulia mlango inachunguza jambo moja: mwanafunzi wa chuo kikuu anapokwama katika utafiti, hutafuta msaada kwa nani, wakati gani, kwa namna gani, na nini hutokea anapofika mbele ya mkutubi.

Huenda ukashangaa kwamba jambo hilo limepata kuwa fani. Mtu akikwama si huuliza tu? Ni kweli, kama watu wangekuwa wanauliza. Uchunguzi wa zaidi ya nusu karne umeonyesha kwamba wengi hawaulizi, na wanaouliza mara nyingi huomba kitu kisicho kile wanachokihitaji. Hapo ndipo elimu hii inapoanzia. Hoja yangu tangu mwanzo hadi mwisho ni kwamba kuuliza ni sehemu ya utafiti wenyewe, na kwamba kazi kubwa ya mkutubi ni kulisaidia swali likomae kabla hajanyoosha mkono kuchukua kitabu. Ukiishika hoja hiyo, mengine utayafuata kwa wepesi.

Maneno ya kuanzia

Tuanze na watu. Mkutubi ni mtaalamu aliyesomea namna maarifa yanavyokusanywa, kupangwa, kuhifadhiwa na kutafutwa. Si kila unayemkuta maktabani ni mkutubi. Yuko anayepokea mabegi mlangoni, yuko anayerudisha vitabu rafuni, yuko anayeandikisha vitabu vya kuazima. Wote wana kazi zao na wote wanastahili heshima, lakini swali la utafiti lina mwenyewe. Wageni wengi humuuliza mtu wa kwanza wanayemwona, wakijibiwa “sijui” wanaondoka wakiamini kwamba maktaba nzima haijui. Hivyo jambo la kwanza la kujifunza ni kuuliza: mkutubi wa marejeo ni nani, naye anakaa wapi?

Marejeo, kwa maana ya hapa, ni huduma ya kumsaidia msomaji ana kwa ana, kwa simu au kwa mtandao, apate taarifa anayoitafuta na ajue namna ya kuitafuta. Mahali huduma hiyo inapotolewa huitwa dawati la marejeo. Katika vyuo vikubwa kuna pia wakutubi wa masomo, yaani wakutubi waliokabidhiwa fani maalumu: mmoja anaijua zaidi sheria, mwingine tiba, mwingine historia.

Sasa tuje kwenye vyombo. Katalogi ni orodha ya kila kilichomo maktabani, ikionyesha mwandishi, jina la kitabu, mada na namba iliyobandikwa mgongoni mwa kitabu. Namba hiyo hukuonyesha rafu, na pia hukusanya vitabu vya mada moja mahali pamoja. Katika mpangilio wa Dewey, uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1876, vitabu vya lugha ya Kiswahili huwekwa kwenye 496.392. Katika mpangilio wa Maktaba ya Bunge la Marekani, unaotumiwa na vyuo vikuu vingi, Kiswahili kina nafasi yake kuanzia PL8701. Ukishaujua mtaa wa mada yako, angalia pia majirani wa kitabu ulichokifuata. Mara nyingi kitabu bora ni cha pili au cha tatu kutoka pale.

Jarida la kitaaluma ni chapisho linalotoka kwa awamu, ambamo watafiti hueleza matokeo yao baada ya kazi zao kusomwa na kupimwa na wataalamu wenzao. Hifadhidata ni mkusanyiko wa taarifa za kielektroniki uliopangwa ili uweze kutafutwa. Ndani yake unaweza kukuta ikisiri, yaani muhtasari wa makala, au makala yenyewe kamili. Maneno haya yatatutosha kwa sasa. Mengine nitayaeleza tutakapoyafikia.

Fani ilivyozaliwa

Kwa muda mrefu sifa ya mkutubi mwema ilikuwa kulinda vitabu. Mwaka 1876, katika mkutano uliofanyika Philadelphia, ambao ndio ulioanzisha Chama cha Maktaba cha Marekani, fikra mpya ilisikika. Samuel Green, mkutubi wa mji wa Worcester katika jimbo la Massachusetts, alitoa mada kuhusu uhusiano kati ya wakutubi na wasomaji. Alieleza kwamba msomaji, hasa asiye msomi, anahitaji kupokelewa kwa ukarimu, kusikilizwa haja yake na kusaidiwa kuitafuta, na kwamba haitoshi kumwelekeza kwenye katalogi kisha kumwacha apambane nayo peke yake. Kwetu leo maneno hayo yanaonekana ya kawaida. Wakati ule yalibadilisha mwelekeo wa kazi nzima, na ndiyo maana watu wa fani hii humtaja Green kama chimbuko la huduma ya marejeo.

Mwaka 1931, huko Madras nchini India, S. R. Ranganathan, mwanahisabati aliyegeuka kuwa mkutubi, alichapisha kanuni zake tano za ukutubi. Ya nne inatuhusu moja kwa moja: okoa muda wa msomaji. Ranganathan alitufundisha kuitazama maktaba kwa macho ya aliyeingia ndani kutafuta kitu: je, amekipata, na amepoteza saa ngapi akikitafuta?

Kwetu Afrika Mashariki, Shule ya Ukutubi ya Afrika Mashariki ilianzishwa Makerere mwaka 1963, wakati nchi zetu zilipokuwa zikihitaji wataalamu wake zenyewe. Mwaka huohuo Tanganyika ilitunga sheria ya huduma za maktaba, na Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam ilifunguliwa mwaka 1967. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania ina chuo chake Bagamoyo, kinachofundisha ukutubi na utunzaji wa nyaraka. Kwa hiyo usiione fani hii kama kitu cha kigeni kilicholetwa juzi. Ina mizizi hapa, na ina wataalamu unaoweza kuwafikia kwa daladala.

Msingi wa kwanza: swali lina ngazi

Ukiniuliza nichague maandishi mamoja tu ya kumpa mgeni, nitakupa makala ya Robert Taylor iliyotoka mwaka 1968. Taylor alizungumza na wakutubi na wataalamu wa taarifa kuhusu namna wanavyopokea maswali. Kutokana na mazungumzo hayo alieleza kwamba haja ya taarifa hupanda ngazi nne.

Ngazi ya kwanza ni haja isiyotamkika. Mtu anahisi kuna kitu hakijui, kinamsumbua, lakini hana maneno yake. Ngazi ya pili ni haja iliyo akilini: sasa anaweza kuieleza, ingawa kwa maelezo marefu yenye kurudiarudia. Ngazi ya tatu ni haja iliyoundwa: anaweza kuisema kama swali lililonyooka. Ngazi ya nne ni haja iliyopunguzwa: mtu anaikata haja yake ili ilingane na anachodhani maktaba inacho, kisha anaileta dawatini katika umbo hilo.

Hapa wageni wengi huchanganyikiwa, kwa hiyo twende taratibu. Kwa nini mtu apunguze swali lake mwenyewe? Kwa sababu anadhani anarahisisha mambo. Anadhani mkutubi anajua vitabu, si matatizo. Basi huomba vitabu, na tatizo lake halitaji. Tuchukue mfano wa mwanafunzi anayefika dawatini na kumkuta mama wa makamo.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu, keti.”

“Asante. Naomba vitabu vya karafuu.”

“Vipo. Unasoma nini?”

“Historia, mwaka wa tatu. Naandika tasnifu.”

“Haya. Na kwenye karafuu ni jambo gani hasa lililokuvuta?”

“Bibi yangu ni mtu wa Wete. Husimulia kwamba wazee wake walikuwa watumwa, wakaachwa huru, lakini wakabaki shambani kwa tajiri yuleyule wakichuma karafuu. Nataka kujua waliishije.”

“Kwa hiyo unatafuta maisha na kazi za watu walioachwa huru Pemba baada ya 1897. Nimekuelewa?”

“Hasa, mama! Ndiyo hivyo.”

“Umeshasoma nini mpaka sasa?”

“Makala mbili za mtandaoni, na madesa ya darasani.”

Tazama umbali uliopo kati ya “vitabu vya karafuu” na swali lililopatikana. Lile la kwanza lingempeleka kwenye vitabu vya kilimo, magonjwa ya mikarafuu na bei za soko. La pili lina watu, mahali na wakati. Mwaka 1897 ndio ambao Sultani Hamoud bin Mohammed, chini ya shinikizo la Waingereza, alitoa amri ya kuondoa hadhi ya utumwa kisheria Unguja na Pemba. Mkutubi sasa anaweza kumpeleka mwanafunzi kwenye kitabu cha Frederick Cooper cha mwaka 1980, *From Slaves to Squatters*, kinachochunguza kazi za mashambani Zanzibar na pwani ya Kenya kati ya 1890 na 1925. Anaweza kumwongezea kitabu cha Abdul Sheriff cha mwaka 1987, *Slaves, Spices and Ivory in Zanzibar*, ili aelewe mashamba hayo yalivyotokea. Kisha anaweza kumweleza kuhusu kumbukumbu za serikali zilizohifadhiwa Zanzibar, ambazo hazimo katika katalogi ya chuo wala hazionekani kwa kupekua mtandaoni tu.

Mazungumzo ya namna hii yana jina katika fani: mahojiano ya marejeo. Yana ufundi wake. Mkutubi hutumia kwanza maswali ya wazi, yaani yale yasiyojibika kwa ndiyo au hapana: “ni jambo gani hasa?” Halafu hurudia alichosikia kwa maneno yake na kuomba uthibitisho: “nimekuelewa?” Halafu huuliza kilichokwisha kufanyika, asije akamrudisha mtu alikotoka. Mwisho huuliza kama jibu limekidhi haja, na kumwalika arudi. Mwanafunzi asiyeujua ufundi huu huweza kuudhika na kusema, “Nimeomba vitabu, mbona nahojiwa?” Ukijua kwamba mahojiano hayo ndiyo msaada wenyewe, utayafurahia.

Msingi wa pili: hofu

Sasa tujiulize kwa nini wengi hawafiki dawatini kabisa. Jibu maarufu zaidi lilitolewa na Constance Mellon mwaka 1986. Kwa miaka miwili alikusanya maandishi ya wanafunzi 6,000 wa chuo kikuu kimoja huko kusini mwa Marekani, walioeleza walivyojisikia walipoanza kutafuta taarifa maktabani. Katika kila darasa, kati ya asilimia 75 na 85 walieleza hisia zao za mwanzo kwa lugha ya hofu. Walisema wamepotea, maktaba ni kubwa mno, hawajui vitu viko wapi, hawajui waanze na nini. Mellon akaliita jambo hilo wasiwasi wa maktaba.

Zaidi ya takwimu, uzito wa kazi yake uko katika mnyororo alioufichua. Mwanafunzi huamini kwamba wenzake wanajua kutumia maktaba, yeye peke yake hajui. Huamini kwamba kutojua huko ni aibu. Kisha huamini kwamba akiuliza, aibu hiyo itafichuka. Basi hunyamaza. Lakini ukiwakusanya wanafunzi hao darasani, karibu wote wana imani hiyohiyo. Kila mmoja anaficha kitu ambacho jirani yake pia anakificha.

Mwaka 1992 Sharon Bostick alitengeneza kipimo cha wasiwasi huo, akagawa vyanzo vyake katika mafungu matano: kuwaona watumishi hawafikiki, kujiona huna uwezo, kutojisikia huru ndani ya jengo, kutoifahamu maktaba, na kutatizwa na mashine. Mgawanyo huu ni muhimu kwa sababu kila fungu lina dawa yake. Mafunzo ya kutumia kompyuta hayamsaidii anayeogopa uso wa mkutubi. Tabasamu la mkutubi nalo halimsaidii asiyejua kwamba ghorofa ya pili ina majarida.

Kwetu yapo ya kuongeza. Wanafunzi wetu wengi huingia chuo kikuu wakiwa hawajawahi kusoma katika shule yenye maktaba inayofanya kazi. Wamezoea maarifa yaliyofungashwa: maelezo ya mwalimu, maswali ya mitihani iliyopita, madesa yaliyotolewa nakala steshenari. Kisha siku moja wanaingia katika jengo kama lile la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam lililofunguliwa mwaka 2018, lenye uwezo wa kuchukua wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja na vitabu 800,000. Ukubwa huo ni neema kwa anayejua aanzie wapi. Kwa asiyejua ni mzigo. Ongeza lugha: katalogi ni ya Kiingereza, majarida ni ya Kiingereza, na mwanafunzi huogopa kwamba hata swali lake litatakiwa liwe la Kiingereza. Mwambie mapema kwamba anaweza kuuliza kwa Kiswahili, na utakuwa umeondoa nusu ya hofu. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini methali peke yake haimtoi mtu woga. Kinachomtoa ni kupokelewa vizuri mara ya kwanza.

Msingi wa tatu: wakati na aina ya msaada

Kama hawaendi kwa mkutubi, huenda kwa nani? Katika Chuo Kikuu cha Rochester huko Marekani, maktaba ilimwajiri mwanaanthropolojia, Nancy Fried Foster, achunguze namna wanafunzi wanavyoandika kazi zao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Baadaye vyuo vikuu vitano vya jimbo la Illinois vikafanya uchunguzi kama huo kuanzia 2008 hadi 2010. Waliokuja kuonekana mbele ni rafiki, mhadhiri, ndugu aliyesoma na kisanduku cha kutafutia mtandaoni. Huko Illinois wanafunzi wengi hawakujua hata kwamba kusaidia utafiti ni kazi ya mkutubi. Walimdhania mtunza vitabu tu.

Usiwalaumu. Mtu huenda kwa anayemfahamu na kumwamini. Ndiyo maana fani hii humtazama mhadhiri kama daraja: anaposema “nenda ukamwone fulani maktabani, mwambie nimekutuma mimi,” mwanafunzi huenda. Anaposema “nenda maktaba” bila jina wala maelekezo, mara nyingi haendi.

Mtafiti mwingine atakayekusaidia ni Carol Kuhlthau, aliyeeleza mwaka 1991 kwamba utafutaji wa taarifa una hatua sita: kuanza, kuchagua mada, kuchunguza, kuunda mwelekeo, kukusanya na kuwasilisha. Alichokiongeza yeye ni hisia. Mtu akishachagua mada huchangamka kidogo. Akiingia hatua ya tatu, kuchunguza, mashaka hupanda tena: maandiko yanapingana, mada inaonekana haina mwisho, anajiona mjinga kuliko jana. Wengi hudhani hapo wameshindwa na hubadilisha mada. Kuhlthau anatuambia kwamba mashaka hayo ni dalili ya kazi inayokwenda, na ndiyo saa ambayo msaada wa mkutubi una thamani kubwa zaidi. Lakini wanafunzi wengi huja katika hatua ya tano, siku chache kabla ya kukabidhi kazi, wakiomba makala kumi haraka. Swali limekwishaganda na hakuna tena nafasi ya kulikomaza.

Tofauti ya mwisho katika msingi huu tunaikopa kwa wanasaikolojia wa elimu. Mwaka 1981 Sharon Nelson-Le Gall alitenganisha misaada ya aina mbili. Upo msaada wa kufanyiwa, ambapo mtu anataka jibu ili amalize. Upo msaada wa kuwezeshwa, ambapo anataka kuelewa njia ili mara nyingine apite mwenyewe. Mkutubi wa chuo kikuu hulenga huo wa pili. Ndiyo maana wakati mwingine hakupi orodha, hukugeuzia kompyuta na kukuambia, “Andika wewe, mimi nitakuelekeza.” Usidhani ni uvivu. Anakutayarisha kwa miaka utakayokuwa mbali naye.

Tukizama kidogo: ufundi wa kutafuta

Sasa umeiva kwa sehemu yenye ugumu kidogo. Hifadhidata nyingi hufuata mantiki ya George Boole, mwanahisabati Mwingereza wa karne ya 19. Mantiki hiyo hutumia viunganishi vitatu: NA, AU, SIYO. Ukiandika karafuu NA Pemba, unapata maandishi yenye vyote viwili, hivyo matokeo hupungua. Ukiandika watumwa AU wachumaji, unapata yenye chochote kati ya hivyo, hivyo matokeo huongezeka. SIYO huondoa, nayo itumie kwa uangalifu kwa sababu huweza kuondoa hata unachokihitaji. Kwenye hifadhidata za Kiingereza viunganishi hivyo huandikwa kwa Kiingereza, mara nyingi kwa herufi kubwa. Kanuni ni rahisi: visawe viunganishe kwa AU, dhana tofauti ziunganishe kwa NA.

Jambo la pili ni kutofautisha neno kuu na kichwa cha mada. Neno kuu ni neno lolote lililomo katika maandishi. Kichwa cha mada ni istilahi iliyoteuliwa na wakutubi ili vitabu vyote vya jambo moja vikae chini ya jina moja, hata kama waandishi wametumia majina tofauti. Ukikuta kitabu kimoja kizuri, tazama vichwa vyake vya mada katika katalogi, kisha tafuta upya kwa vichwa hivyo. Mbinu hii moja humwokolea mwanafunzi siku nzima.

La tatu linatuhusu sisi wa Kiswahili, na ningependa vijana walichukulie kama uwanja wao. Hifadhidata hukuruhusu kuandika shina la neno na kuweka nyota mwishoni ili kupata maumbo yake yote. Kwa Kiingereza hufanya kazi vizuri, kwa kuwa maneno yake hubadilika zaidi mwishoni. Kiswahili hubadilika sana mwanzoni: mkulima, wakulima, kilimo, ukulima. Nyota ya mwishoni haiyakusanyi maneno hayo, na hifadhidata nyingi hazikubali nyota mwanzoni. Inabidi uyaandike yote na kuyaunganisha kwa AU. Anayetafuta makala katika jarida la *Kiswahili* au *Mulika*, kazi za taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ambayo leo ni TATAKI, anahitaji kulijua hili; na mtu wa kumfundisha ni mkutubi anayekijua Kiswahili.

La nne ni kujua milango. Vyuo vya Tanzania vina umoja wao wa maktaba, COTUL, na vya Kenya vina KLISC, ambao husaidia kununua kwa pamoja haki ya kusoma majarida ya gharama kubwa. Kupitia mpango wa Research4Life, ulioanza na majarida ya afya mwaka 2002, taasisi za nchi zenye kipato kidogo husoma maelfu ya majarida bure au kwa ada nafuu. Tovuti ya AJOL hukusanya majarida ya Afrika tangu 1998. Mwanafunzi anayekutana na ukurasa unaomdai dola 40 kwa makala moja aache kulipa kwanza, aende kwa mkutubi. Huenda chuo chake tayari kina haki ya kuisoma.

Yapo pia yasiyopatikana mtandaoni kirahisi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mkusanyiko wa miswada ya Kiswahili na Kiarabu, ambayo orodha yake iliyoandaliwa na J. W. T. Allen ilichapishwa mwaka 1970. Kina pia kitengo cha East Africana, kinachohifadhi machapisho ya eneo letu. Hazina kama hizo zinafikika vizuri zaidi kwa kupitia mtu anayezijua.

Maswali yanayokusubiri

Fani hii haijafungwa. Tangu programu ya ChatGPT itolewe kwa umma Novemba 2022, wanafunzi wamepata wa kumuuliza asiyechoka wala kuwakemea. Kwa mwenye wasiwasi wa maktaba hilo ni kubwa. Lakini programu za akili mnemba huweza kutunga rejeo lenye mwandishi, mwaka, jarida na kurasa, na kumbe makala hiyo haikuwahi kuandikwa. Mwanafunzi huja dawatini akiomba kitu ambacho hakipo duniani. Tumfundisheje kuhakiki bila kumwaibisha? Tunawezaje kuwafikia wanafunzi wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, ambao wengi wako mbali na jengo lolote la maktaba? Mahojiano ya marejeo yafanyikeje kwa WhatsApp, ambako mkutubi haoni uso wa muulizaji? Haya yote yanahitaji watafiti wa hapa, wanaozijua shule zetu, lugha zetu na adabu zetu za kuuliza.

Kama wewe ni mwanafunzi wa ukutubi, anza kwa kusikiliza: kaa karibu na dawati la marejeo, uandike maswali yanavyofika na yanavyogeuka. Kama wewe ni mhadhiri, mtaje mkutubi kwa jina katika mhadhara wako wa kwanza. Na kama wewe ndiye mwenye tasnifu, usisubiri swali lako likamilike. Liandike lilivyo katika daftari, andika ulichokwisha kusoma na tarehe ya kukabidhi kazi, kisha nenda kwa mkutubi wiki hii, mapema, kabla hujaanza kukusanya. Mweleze kinachokusumbua, wala usianze na kitabu unachodhani anacho. Yuko pale kwa ajili hiyo, na hiyo ni haki yako.